Punje Inayobaki

Ukitaka kumjua mpima dhahabu hodari, usimtazame akiwa tanurini. Mtazame anapomimina asidi ya nitriki.

Kufikia hapo kazi ya moto imekwisha. Gramu 50 za unga wa jiwe, tuseme la Geita, zimeyeyushwa pamoja na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano, uleule wa chapati, ambao kaboni yake huirudisha oksidi kuwa risasi. Risasi imeikusanya dhahabu, kisha yenyewe ikanywewa na kikombe cha majivu ya mifupa. Kimebaki kijitone cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini: fedha, na dhahabu ndani yake. Fedha hiyo fundi aliitia makusudi. Isipofika kama mara tatu ya uzito wa dhahabu, dhahabu huizingira na asidi haipati njia ya kuiyeyusha.

Asidi ya kwanza huwa nyepesi, ya moto kiasi. Hapa ndipo wenye pupa huumbuka, maana asidi kali ikitangulia, dhahabu husambaratika ikawa vumbi na kupotea wakati wa kusuuza. Fundi husubiri. Viputo hupanda kama uzi, fedha ikiyeyuka kimyakimya bila rangi. Vikikoma, hufuata asidi kali zaidi, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwa kuwa moshi wa kahawia unaotoka huweza kuumiza mapafu na mtu asijue hadi saa kadhaa baadaye.

Siku moja nilisuuza kwa maji ya bomba. Mrija ukachafuka, mweupe kama tui: kloridi ya majini ilikuwa imeikamata fedha na kuigandisha. Sampuli ile niliianza upya. Tangu hapo maji yaliyokenekwa nayaheshimu kama ninavyoiheshimu asidi.

Agricola, mwanazuoni wa madini wa zamani, aliieleza kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1556. Mizani yetu ni bora kuliko yake. Subira inayotakiwa ni ileile.

Nazipenda hasa dakika za mwisho. Dhahabu iliyobaki haina uzuri wowote, ni kichembe cha kahawia iliyokolea ambacho asiyejua angekimwaga. Kipashe moto hadi kiwe chekundu, kiache kipoe, na rangi yake ya manjano hurudi mbele ya macho yako. Kisha mizani. Nusu miligramu katika gramu 50 za jiwe ni gramu 10 za dhahabu kwa kila tani.