Jambia la kimya na mlinzi mwenye pointi 11

Mlinzi wa kawaida katika toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, ana pointi 11 za uhai. Mwizi wa ngazi ya kwanza akimnyatia kwa nyuma na jambia lake, akampata, humjeruhi kwa wastani wa pointi 9. Pointi hizo mbili zinazobaki zimeharibu mipango mingi ya usiku. Wachezaji wamekaa mezani nusu saa wakipanga namna ya kuingia ngomeni bila kelele, kila mmoja akiwa amevaa uhusika wake, msimamizi wa mchezo amesimulia giza na ukuta na mwenge wa mbali, kisha dadu inaanguka na mlinzi aliyechomwa mgongoni bado yuko hai.

Tupige hesabu kamili. Mwizi wetu ana wepesi wa 16 na amebobea katika kunyata, kwa hiyo anaongeza 7 kwenye dadu ya pande ishirini. Mlinzi hatupi dadu yoyote. Umakini wake wa kawaida ni 12. Mwizi anahitaji 5 au zaidi, yaani asilimia 80. Hapo sheria zinamtendea haki. Kwa kuwa haonekani, anashambulia kwa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Dhidi ya kinga ya mlinzi, ambayo ni 16, nafasi yake ya kupata ni asilimia 75. Hapo pia hana la kulalamika. Mambo yanakwama kwenye madhara: dadu ya pande nne ya jambia, dadu ya pande sita ya kuvizia, jumlisha 3. Pigo la kawaida hufikisha 11 mara moja tu katika nne. Hata ukihesabu ile ishirini safi inayozidisha dadu za madhara mara mbili, mlinzi hufa kwa pigo moja takriban mara moja katika kila majaribio manne, tena baada ya mwizi kufaulu kunyata. Mpango mzima una nafasi ya asilimia 20.

Watu wengi huzilaumu sheria za kunyata. Zamani walikuwa na haki. Mwizi aliingia katika mchezo huu mwaka 1975, kupitia kijitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk, na tangu siku hiyo alipewa zawadi kwa kushambulia kimyakimya kutoka nyuma: nafasi ya kupata iliongezeka kwa asilimia 20 na madhara yalizidishwa mara mbili. Shida ilikuwa kufika huko nyuma. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mwizi wa ngazi ya kwanza alikuwa na asilimia 15 za kutembea bila sauti na asilimia 10 za kujificha kivulini, kabla ya nyongeza za wepesi na asili yake. Msimamizi akidai zote mbili zifaulu, inabaki asilimia moja na nusu. Huyo ni mwizi wa jina tu.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliweka mashindano ya dadu: kujificha dhidi ya kuona, kutembea kimya dhidi ya kusikia. Lilikuwa wazo zuri lenye kasoro moja kubwa. Walinzi wakiwa wanne, dadu zinakuwa nyingi, na mmoja wao lazima atabahatika. Kunyata kwa kundi kulikuwa na balaa hilohilo kutoka upande wa pili. Wachezaji wanne, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 60, wakitakiwa wote wafaulu, hufanikiwa kama mara 13 katika 100. Toleo la tano lilisema inatosha nusu ya kundi ifaulu, na nafasi ikapanda hadi asilimia 82. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya sheria bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu kunyata, na inasikitisha jinsi wasimamizi wengi wanavyoisahau.

Kwa hiyo kufika kumeshughulikiwa. Kilichoachwa wazi ni sekunde moja baada ya jambia kuingia. Sheria za 2014 zinasema aliyeshtukizwa hawezi kusogea wala kuchukua hatua katika zamu yake ya kwanza. Hazisemi kwamba mdomo wake umefungwa. Marekebisho ya 2024 yanasema aliyejificha hugundulika akitoa sauti kubwa kuliko mnong'ono. Hiyo ni sauti ya mshambuliaji. Yowe la mlinzi, ambalo ndilo litakaloamsha kambi nzima, halina sheria. Njia mojawapo iliyoandikwa ya kulizuia ni uchawi wa ukimya, unaofunika duara la futi 20 kila upande kutoka katikati, na mwizi wa kawaida hana uchawi huo. Anao kasisi. Mchezo uliomzaa mwizi umempa mtu wa madhabahu kazi ya kunyamazisha.

Chanzo ni zile pointi za uhai. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alieleza mwenyewe katika vitabu vya miaka ya 1970 kwamba pointi hizo si nyama na damu pekee; ndani yake mna ustadi wa kukwepa na bahati pia. Nakubaliana naye, na ndiyo maana naona hesabu yetu ya mlinzi ina kosa. Asiyejua kwamba kuna mtu nyuma yake hawezi kukwepa. Ustadi wake haufanyi kazi, lakini bado tunamhesabia pointi zote 11. Toleo la tatu lilikuwa na sheria ya kummaliza asiyejiweza, mfano aliyelala: pigo linapata bila shaka, na akilihimili bado anatupa dadu ya kufa au kupona. Mlinzi aliye macho ila ameangalia upande mwingine hakuingizwa humo.

Toleo la nne, mwaka 2008, lilikaribia dawa bila kuilenga: askari wadogo walipewa pointi moja tu ya uhai. Mchezo mwingine, Blades in the Dark wa John Harper, uliotoka 2017, ulienda mbali zaidi. Mlinzi hana pointi kabisa. Mchezaji anasema anachotaka kufanya, anatupa dadu za pande sita na kuangalia iliyo kubwa. Sita, mlinzi anaanguka kimya. Nne au tano, anaanguka lakini kuna gharama, pengine msimamizi anajaza vipande viwili vya saa ya tahadhari aliyoichora mezani. Kelele imekuwa kitu kinachopimwa, na kila mchezaji anaona saa ikijaa.

Kwenye meza ya toleo la tano ningefanya hivi: askari wa kawaida asiyejua lolote, akipatwa na shambulio la kuvizia, anaanguka bila kuhesabu madhara. Pigo likikosa, anapiga yowe hapohapo. Nafasi ya mwizi wetu inatoka asilimia 20 hadi 60. Kapteni wa walinzi abaki na pointi zake zote, na wachezaji waambiwe mapema yupi ni kapteni, ili waamue kumpita au kumtafutia kasisi.