Ujira na Ujuzi katika Filamu ya Made in Dagenham

Filamu ya Made in Dagenham (2010), iliyoongozwa na Nigel Cole na kuandikwa na William Ivory, huainishwa kama kazi inayohusu usawa wa ujira. Uainishaji huo una ukweli, ila unaficha chimbuko la mgogoro wenyewe. Mnamo Juni 1968, mafundi cherehani 187 walioshona vitambaa vya viti vya motokaa katika kiwanda cha Ford, Dagenham, waligoma kwa kuwa kazi yao ilikuwa imewekwa katika daraja B, la wenye ujuzi mdogo, badala ya daraja C. Walichodai kwanza ni kutambuliwa kuwa mafundi.

Ivory analifahamu hilo. Katika onyesho lililo bora kuliko yote, Rita O'Grady, mhusika wa kubuni anayeigizwa na Sally Hawkins, anawatolea wakuu wa kiwanda vipande vya kushonea viti na kuwataka waviunganishe wenyewe. Vipande ndivyo hoja. Maneno ni ziada tu. Baada ya hapo, hata hivyo, suala la ujuzi linafifia na dai linabaki moja: malipo sawa. Kifani, badiliko hili linaeleweka, kwani hadhira hushika neno "sawa" upesi kuliko jedwali la madaraja. Kimaudhui, lina hasara. Anayedai daraja anahoji mamlaka ya mwajiri ya kuamua kipi ni ujuzi na kipi ni wepesi wa vidole aliozaliwa nao mwanamke. Swali hilo, ambalo ndilo chungu zaidi, filamu inaliacha mlangoni.

Usawiri wa Eddie, mumewe Rita, unafidia kiasi. Anajisifu kwamba si mlevi wala hampigi mkewe. Rita anamkumbusha kuwa hizo ni haki, si hisani. Taasubi ya kiume imejificha ndani ya wema, na mwandishi ameifichua bila kumfanya Eddie kuwa katili.

Mkutano na Waziri Barbara Castle (Miranda Richardson) unafunga kisa kwa shangwe. Katika historia, wagomaji walirejea kazini kwa asilimia 92 ya ujira wa wanaume wa daraja B. Sheria ya Malipo Sawa ilipitishwa 1970, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1975. Daraja C, lililowatoa cherehanini hapo mwanzo, lilihitaji mgomo mwingine, wa mwaka 1984.