Feni Iliyopandisha Joto: Kisa cha Chumba cha Uyoga Suneka

Mwalimu mmoja mstaafu wa Suneka alinunua feni ya kutoa hewa, akaifunga kwenye chumba chake cha uyoga, na chumba kikazidi joto. Kabla ya feni, kipimajoto kilichoning'inia katikati ya chumba kilisoma nyuzi 24 saa nane mchana. Wiki moja baada ya feni, saa ile ile, kilisoma 27.

"Nimeuziwa feni mbovu," aliniambia nilipofika.

Niliikagua. Ilikuwa nzima, inavuta hewa bila kelele. "Mwalimu, feni yako inafanya kazi. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Alicheka, lakini si sana.

Feni haitengenezi baridi. Inaondoa hewa ya mahali hapa na kuleta ya mahali pengine, basi. Sisi hudanganyika kwa sababu tukikaa mbele ya feni jasho hukauka na ngozi hupoa, tukadhani hewa yenyewe imepoa. Uyoga nao hupoteza maji unapopulizwa, ila kwake hiyo ni hasara: kofia hujikunja, kingo huwa kavu na kupasuka. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuingia dukani si feni ya ukubwa gani, bali ni hewa ya wapi na ya saa ngapi.

Suneka iko kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya jua kali mchana hufika nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi 15 au 16. Chumba cha Mwalimu kina kuta za udongo zenye unene wa karibu sentimita 30, mabati juu, na dari ya mikeka iliyotandikwa nyasi. Kuta kama hizo hupoa polepole usiku na kupata joto polepole mchana, ndiyo maana saa nane, nje kukiwa 28, ndani kulikuwa 24 tu. Chumba kilikuwa kinajipoza chenyewe. Kisha ikaja feni na themostati iliyowekwa nyuzi 22. Kila ndani kulipopita 22, feni iliwaka, kuanzia mapema asubuhi hadi magharibi, ikivuta ndani hewa ambayo saa nane ilifika nyuzi 28. Usiku, nje kukiwa na nyuzi 16 za bure kabisa, chumba kilishuka chini ya 22 na feni ikazima. Ilikuwa kama mlinzi aliyepewa zamu ya mchana peke yake.

Themostati ya kipimo kimoja haijui hali ya nje. Ukiitumia kuongoza feni, unaamini kwamba nje kuna baridi kuliko ndani siku zote. Kwa nyumba ya mabati isiyo na dari imani hiyo ni sahihi. Kwa nyumba ya udongo yenye dari, ni sahihi usiku tu.

Kwa nini basi alinunua feni? Uyoga wake, wa aina ya oista ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mamama, ulikuwa unatoka na mashina marefu na kofia ndogo kama vifungo. Mtu akamwambia ni joto. Haikuwa joto. Mashina marefu na kofia ndogo ni dalili ya kaboni dayoksaidi kuzidi. Uyoga hupumua kama sisi, hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na mifuko 400 iliyojaa makapi ya miwa na majani makavu ya migomba inatoa nyingi. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo katika kila milioni. Oista ikianza kuzaa hutaka isizidi 1,000 au zaidi kidogo. Chumba kilichofungwa hupita hapo upesi.

Na kweli, baada ya feni mashina yalifupika. Ila kingo za kofia zikaanza kupasuka. Ugonjwa mmoja ulipona, mwingine ukaingia, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye kipimajoto, hakuna aliyeona kwamba feni ilikuwa imepewa kazi mbili zisizolingana: kubadilisha hewa na kupoza. Ya kwanza inahitaji hewa kidogo, muda wote. Ya pili inahitaji hewa nyingi, kwa saa zilizochaguliwa.

Tuanze na ya kwanza, ambayo hesabu yake ni nyepesi. Chumba kina urefu wa mita 6, upana 4 na kimo 2.5, yaani mita 60 za ujazo. Wakulima wengi wa oista huanza na kubadilisha hewa yote mara 4 hadi 8 kwa saa. Tukichukua 6, tunahitaji mita za ujazo 360 kwa saa. Feni ya Mwalimu ni ya inchi 6, na boksi lake lilisema 350. Inatosha, au sivyo?

Namba ya boksi hupimwa feni ikiwa huru, haina bomba wala wavu. Feni hii ilikuwa imefungwa wavu laini wa kuzuia nzi, kisha bomba la inchi 6 lenye kona mbili. Hatukuwa na kifaa cha kupima mwendo wa hewa, kwa hiyo tulichukua nailoni ya kitalu, tukaifunga iwe mfuko wa kama mita moja ya ujazo, tukauvisha mdomo wa bomba na kutazama saa. Ulijaa kwa sekunde 20. Hiyo ni mita za ujazo 180 kwa saa, nusu ya boksi, na mabadiliko matatu tu.

Hapo watu wengi wangekimbilia feni yenye nguvu zaidi. Mimi huanza na bomba. Hewa ya mita za ujazo 360 kwa saa ikipita kwenye bomba la inchi 6 huenda kasi ya karibu mita 5.5 kwa sekunde. Kwenye bomba la inchi 8 huenda 3.1. Upinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo inchi mbili tu za ziada zinapunguza mzigo wa feni hadi theluthi. Tuliweka bomba la inchi 8, fupi, lisilo na kona, na wavu tukautoa kwenye mdomo wa feni na kuufunga kwenye fremu ya mbao yenye eneo mara nne. Mfuko ukajaa kwa sekunde 11. Feni ile ile, karibu mita 325 kwa saa.

Kama ningekuwa nanunua upya, ningechukua feni pana inayozunguka polepole badala ya ndogo inayopiga kelele. Mwendo wa feni ukipungua nusu, hewa hupungua nusu, lakini umeme inaokula hushuka hadi sehemu moja ya nane. Feni mbili za mwendo mdogo hula stima kidogo mno kuliko moja iliyokazwa hadi mwisho. Na kama bomba haliepukiki, au hewa lazima ipite kitu kizito, chagua feni ya gurudumu, ile inayomeza hewa katikati na kuitema pembeni. Feni ya mapanga hukata tamaa upesi ikikutana na upinzani.

Wakulima wa chai wa hapa Gusii wameishi na somo hili miaka mingi, hata kama hawakuliita hivyo. Katika viwanda kama Kiamokama, Nyamache, Itumbe na Kebirigo, majani mabichi hutandazwa juu ya wavu wa mahodhi marefu, na feni kubwa husukuma hewa kutoka chini ili yanyauke. Huko feni huchaguliwa kwa kuangalia unene wa majani itakayoyapenya. Na wanaosimamia unyaukaji hutegemea chombo ambacho ningependa kila mkulima wa uyoga awe nacho: vipimajoto viwili sambamba, kimoja kikavu, kingine kimevikwa kitambaa chenye maji. Tofauti kati yao inakuambia hewa ina kiu kiasi gani.

Nitarudi kwa vipimajoto hivyo. Kwanza kuna jambo la mwinuko wa mahali, ambalo miongozo mingi ya feni hulipita kwa sababu huandikwa kwa watu wa nchi za tambarare. Feni husukuma ujazo, si uzito. Hewa ya Suneka ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ni uzito wake unaobeba joto. Kutoa joto la kilowati moja kwa tofauti ya nyuzi 5, Mombasa unahitaji mita za ujazo 600 hivi kwa saa. Suneka unahitaji 720. Kwa hiyo kila namba uliyoichukua kwenye kitabu cha pwani au cha Ulaya, ongeza sehemu moja ya tano.

Namba hiyo inaonyesha pia kwa nini dari ya Mwalimu ilikuwa na thamani kuliko feni yoyote. Mabati matupu saa sita mchana yanaweza kufika nyuzi 55, na kila mita ya mraba kushusha ndani wati 160 hivi. Paa lake ni mita 24 za mraba, karibu kilowati 4. Kuliondoa joto hilo kwa feni kungetaka zaidi ya mita 2,800 kwa saa, yaani chumba kizima kubadilishwa kila dakika na robo. Uyoga ungekauka kama omena. Mikeka na nyasi ilifanya kazi hiyo bila stima, na aliitandika mwenyewe kabla ya kushauriwa na mtu yeyote.

Sasa joto lenyewe. Tuliwasha ubani karibu na feni kuona hewa inakotoka, na moshi ukatuonyesha aibu: sehemu kubwa iliingia kwenye upenyo kati ya ukuta na mabati, futi mbili tu kutoka kwa feni. Hewa iliyokaangwa chini ya bati iliingia na kutoka pale pale bila kufika kwenye mifuko ya upande wa pili. Tuliziba nyufa zote kwa udongo na magunia, tukaacha mlango mmoja wa hewa kwenye ukuta wa mbali, karibu na sakafu, wenye eneo la robo mita ya mraba.

Kwenye tundu hilo tulijenga ukuta mdogo wa mkaa: nyavu mbili za waya, katikati mkaa wa unene wa sentimita 10, na jerikeni juu likidondosha maji. Ni kabati la mkaa lile lile ambamo baadhi ya Wakenya huhifadhi mboga. Vipimajoto viwili vilisoma 28 na 20 nje mchana ule. Tofauti ni nyuzi 8, na mkaa uliolowa vizuri hukupa kama theluthi mbili yake. Hewa iliingia ikiwa 23, nayo imebeba unyevu, ambao oista inautaka kati ya asilimia 80 na 90. Kingo ziliacha kupasuka. Gharama yake ni maji: kwa hewa ile, robo tatu ya lita kwa saa hata haifiki. Lita moja ikikauka hubeba joto la zaidi ya nusu uniti ya umeme.

Usitarajie hivyo mwezi wa Aprili. Mvua za masika zikitulia juu ya Gusii, hewa haina kiu, vipimajoto hutofautiana kwa nyuzi 2 au 3, na mkaa hausaidii sana. Bahati nzuri, siku hizo nje nako si moto.

Themostati tuliitoa, Mwalimu akaiweka kabatini. Feni sasa inafuata saa. Mchana inavuta kupitia mkaa. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kidirisha kingine hufunguliwa kando ya mkaa, na baridi ya usiku huingia moja kwa moja na kuloweka kuta. Stima ikipotea usiku, tundu la feni lililo juu huendelea kutoa hewa taratibu kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje.

Kuna dai nalisikia kila mara kwamba feni iwekwe chini kwa kuwa kaboni dayoksaidi ni nzito na hulala sakafuni. Kwa viwango vya chumba cha uyoga dai hilo halina uzito. Sehemu 2,000 kwa milioni huongeza uzito wa hewa kwa moja katika elfu, na tofauti ya theluthi moja ya nyuzi ya joto inatosha kulifuta hilo. Kinachodhuru ni hewa iliyosimama katikati ya safu za mifuko. Hapo feni ndogo ya mezani, ikitazama ukuta badala ya uyoga, ina faida.

Jambo la mwisho linahusu mapafu ya mkulima. Oista iliyokomaa hutoa vumbi la mbegu jingi mno, na watu wanaolivuta kila siku hupata kikohozi na homa za mzio ambazo huchukuliwa kuwa malaria au nimonia. Mdomo wa bomba la Mwalimu ulikuwa unaelekea jikoni. Tuliugeuza uelekee shamba la migomba. Nawe msomaji, ukiingia kuvuna, vaa barakoa, na vuna kabla kofia hazijatandazika kabisa. Kuhusu feni, subiri siku tatu kwanza. Andika joto la ndani na la nje kila baada ya saa mbili, usiku ukiwemo, kisha uende dukani na karatasi hiyo mkononi.