Willy Gamba na Suala la Kujijua

Wako wanaoziweka riwaya za Elvis Musiba katika fungu la vitabu vya kupotezea wakati. Sisi twaona hukumu hiyo ni ya haraka. Katika Kufa na Kupona (1974), Willy Gamba anazifuata hadi Nairobi siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika tangu 1963 hadi 1994. Bastola anayo, adui zake pia wanazo. Kinachomtofautisha nao ni kujua anamtumikia nani. Hata hivyo, anasa zake zatuonya kwamba mtu aweza kuijua kazi yake barabara asiijue nafsi yake. Mwalimu na awafunze wanafunzi kuyapima yote mawili.