Salamu Kabla ya Haja: Adabu za Wafaransa na Jicho la Mgeni katika Kitabu cha Bernard Dadié

Kabla msafiri hajafunga mizigo yake, huwa amekwisha kuelezwa tabia za watu anaowaendea. Kuhusu Wafaransa husemwa kwamba wana kiburi, kwamba hawapendi kusema lugha nyingine isipokuwa yao, na kwamba wahudumu wa mikahawa yao huwajibu wateja kwa ukali. Maneno hayo hupokezanwa kana kwamba ni maarifa, na msafiri hufika akiwa na hukumu mkononi kabla ya kusikiliza kesi. Fasihi ya safari ni mahali pafaapo kuyapima, kwa kuwa humo mgeni hulazimika kueleza alichokiona, na msomaji ana haki ya kumwuliza: je, uliona, au ulisikia tu? Kitabu cha Bernard Dadié kiitwacho Un Nègre à Paris, yaani Mtu Mweusi mjini Paris, kilichotolewa na Présence Africaine mwaka 1959, kinastahili kusomwa kwa swali hilo.

Dadié alizaliwa Assinie, nchini Côte d'Ivoire, mwaka 1916, akafariki Abidjan mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 103. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimtia gerezani Grand-Bassam kwa sababu ya shughuli zake za kisiasa. Ni vyema kulikumbuka jambo hilo, maana anayewaeleza Wafaransa katika kitabu hiki aliwajua kwanza kwa minyororo yao kabla ya kuwajua kwa barabara zao. Hata hivyo, hakuandika kwa hasira. Alichagua umbo la barua: Tanhoé Bertin anampasha rafiki yake habari njema kwamba amepata tikiti ya ndege ya kwenda Paris, kisha anamsimulia ayaonayo huko. Kisa chenyewe ni chembamba. Uzito wa kitabu umo katika namna ya kutazama.

Namna hiyo ni kugeuza kioo. Kwa miaka mingi wasafiri, wamisionari na maofisa wa Ulaya waliandika vitabu juu ya "Mweusi", wakimtaja kwa umoja kana kwamba bara zima lina mtu mmoja: Mweusi hupenda hiki, Mweusi huogopa kile. Dadié anaishika kalamu ile ile na kuielekeza kwa mwenye nayo. Kwake, Mparisi ni mtu wa kabila lenye mila zake, ibada zake na hofu zake. Hushuka chini ya ardhi kupanda metro na kukimbia kana kwamba saa ni mungu wake. Hiyo ni kejeli, wala haikosi kuchoma. Lakini kila mara msimulizi anaporudi kulinganisha na desturi za kwao, hufikia kwamba watu hawa wa ajabu si wa ajabu sana. Hapo kejeli inatengana na dhana potofu: dhana potofu hufunga swali, kejeli ya Dadié hulifungua.

Ubora wa njia hii hudhihirika zaidi likiangaliwa suala la adabu. Adabu ni mfano wa lugha: ina sarufi yake, na anayeitafsiri neno kwa neno hukosea. Nchini Ufaransa, mtu aingiaye katika duka la mkate au la dawa hutazamiwa aseme kwanza "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur", kisha ndipo aeleze haja yake. Mgeni aanzaye na swali, hata akiliremba kwa maneno ya kuomba, amepita dirishani badala ya mlangoni. Hujibiwa kwa ubaridi, naye hurudi kwao akisema kwamba Wafaransa wana kiburi. Muuzaji naye husema kwamba wageni hawana malezi. Kila mmoja amekosewa kwa sarufi yake mwenyewe, na kila mmoja amezaa hukumu juu ya taifa zima.

Msemaji wa Kiswahili angepaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengi, kwa sababu kwake pia haja haitangulii salamu. Tofauti ni ya urefu, si ya kanuni. Yeye huulizwa habari za nyumbani, za watoto na za kazi, naye hujibu na kuuliza. Mfaransa wa dukani humaliza yote kwa neno moja. Anayesimama akingojea habari za nyumbani atadhani amedharauliwa, kumbe amekwisha kusalimiwa.

Wahenga walinena: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Methali hii hutolewa mara nyingi kuwa ushauri kamili wa safari. Kitabu cha Dadié kinaonyesha kwamba haitoshi. Tanhoé Bertin hafumbi jicho. Anafuata desturi za mji, lakini macho yake yote mawili yamo wazi. Heshima kwa mwenyeji haimnyimi mgeni haki ya kutazama na kusema.

Haki hiyo ina uzito wa pekee kwa Mwafrika, na uthibitisho wake ni maneno mawili madogo ya Kifaransa: tu na vous. Kwa kanuni, vous, ambalo asili yake ni wingi, huambiwa mtu mmoja kwa heshima. Tu ni la jamaa, la rafiki na la mtoto. Wasemaji wa Kibemba katika Katanga hawashangazwi na wingi wa heshima, kwani hata salamu yao ya asubuhi, mwashibukeni, huubeba. Adabu hiyo si maumbile ya Wafaransa bali ni historia yao: mwaka 1793 wanamapinduzi walitaka raia wote waambiane tu kwa jina la usawa, lakini baadaye vous lilirejea.

Katika makoloni sarufi hiyo ilivunjwa kwa makusudi. Frantz Fanon, katika kitabu chake Peau noire, masques blancs cha mwaka 1952, alieleza jinsi Mzungu alivyomsemesha Mweusi kama mtoto. Tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Patrice Lumumba aliwakumbusha wasikilizaji kwamba Mweusi aliambiwa tu, si kwa urafiki, bali kwa sababu vous la heshima liliwekewa Wazungu peke yao. Kwamba neno dogo kama hilo lilitajwa siku ya uhuru, pamoja na kazi ya shuruti na unyang'anyi wa ardhi, ni dalili kwamba adabu si pambo. Kwa hiyo Mwafrika aingiapo Ufaransa huwa na sikio ambalo mtalii wa kwingineko hana. Rafiki akimwambia tu, mlango umefunguliwa. Mtu asiyemjua, mwenye madaraka juu yake, akimwambia neno hilo hilo huku akiwaambia wengine vous, mlango umefungwa. Kumfundisha msafiri adabu za wenyeji bila kumfundisha adabu anazostahili yeye ni kumpa nusu ya somo.

Kitabu cha Dadié hakikosi kasoro. Ya kwanza ni kwamba silaha yake humkata yeye mwenyewe: anaposema "Mparisi" kwa umoja, na hasa anapowaeleza wanawake wa Paris, kuna kurasa ambapo kejeli inalala na ujumla mtupu unabaki. Ya pili ni nzito zaidi. Tanhoé Bertin hutazama sana lakini huzungumza kidogo na wenyeji. Kitabu karibu chote ni sauti ya mtu mmoja. Salamu, hata hivyo, huhitaji watu wawili. Msomaji anaufahamu mji, lakini ni nadra kumsikia mwenyeji akijibu, kukanusha au kucheka. Huenda upweke huo ni sehemu ya ukweli wa mgeni mweusi wa wakati ule. Bado ni pengo.

Kwa wataalamu wa Kiswahili yafaa kukisoma kitabu hiki sambamba na mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, wa mwaka 1901, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Abakari alisafiri akiwa mtumishi wa Mjerumani, na maneno yake yalikusanywa na Mjerumani. Dadié alimwandikia rafiki. Kuwalinganisha kutaonyesha jinsi nafasi ya msemaji inavyopima upana wa ulimi wake. Funzo la Dadié kwa msafiri wa leo lingali palepale: salimu kwanza, tazama vizuri, na usihukumu taifa kwa mhudumu mmoja, lakini nawe ukisalimiwa chini ya kipimo chako, una haki ya kulitambua neno hilo kwa jina lake.