Sifa za Fundi wa Tangi

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, kabla hujaanza kuupanda mlima Kitonga, unapita jirani na Malolo, kata ya Kilosa inayojulikana kwa vitunguu. Wakati wa mavuno Fuso na Canter huingia mashambani tupu na kurudi zimelemewa mpaka springi zinalia. Gari dogo nalo hupita njia hizohizo, likiwa limebeba tangi la bati jepesi chini ya mkia wake. Jiwe moja tu linatosha kulipasua.

Basi anatafutwa fundi. Nataka kumsifu huyu, maana hasifiwi na mtu. Aliyefufua injini hupigiwa makofi, kwa kuwa mwenye gari anaisikia ikinguruma. Tangi likitengenezwa vizuri hakuna kinachosikika, na mteja huanza kulalamikia bei.

Dereva aliyekwama hujisaidia kwanza kwa sabuni ya mche. Huisugua kwenye ufa mpaka ishike, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kirahisi. Ni ujanja mzuri wa kumfikisha gereji, si zaidi. Wapo pia wanaoliacha tangi na kuweka dumu la petroli ndani ya gari, mpira ukipita miguuni mwa abiria. Hao sina la kuwasifia.

Ikifika zamu ya kuchomelea, hapo ndipo fundi hujulikana. Watu wengi huamini tangi tupu ni salama kuliko lililojaa, na imani hiyo imeua. Petroli yenyewe haishiki moto. Kinachowaka ni mvuke wake, ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tangi lililotolewa mafuta yote na kuachwa na mvuke ndilo bomu. Kwa hiyo fundi anayejua kazi huondoa waya wa betri, hushusha tangi, hulisuuza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, hulimwaga, hulisuuza tena, kisha hunusa mdomo wa tangi. Akiridhika hulijaza maji mpaka karibu kabisa na ufa, pabaki nafasi ndogo tu. Baada ya hapo ndipo anawasha moto. Mwenye gari anayemharakisha angesimama yeye karibu na tangi hilo tuone kama bado ana haraka.

Mafuta yaliyotoka kwenye tangi lake hayana urafiki. Barabara kuu hii hii, pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Ulimwengu wa mbio za magari nao ulijifunza kwa vifo. Mei 30, 1964, huko Indianapolis, gari la dereva Dave MacDonald liligonga ukuta na kulipuka. Yeye na dereva mwenzake, Eddie Sachs, wakafa. Mafundi wakageukia mifuko ya mpira iliyokuwa ikitumika kwenye ndege za kivita, na hilo ndilo tangi linaloitwa fyueli seli: mfuko wa kitambaa imara kilichopakwa mpira, umekaa ndani ya sanduku la chuma, na ndani yake umejazwa sponji. Sanduku likibonyea, mfuko unabonyea nalo bila kuchanika. Sponji hutuliza mafuta yasisukwe, na mwali ukiingia haupati nafasi ya kukua.

Kulifunga ni kazi ya siku nyingi. Lita 80 za petroli zina uzito wa karibu kilo 60, na gari likigonga kitu uzito huo wote unataka kwenda mbele. Ndiyo maana fundi hafungi boliti kwenye bati la buti peke yake. Huweka mikanda ya chuma na kuiunganisha na fremu, halafu husimamisha ukuta wa bati usio na tundu kati ya tangi na watu. Paipu ya kupumulia huitoa nje na kuipa vali inayojifunga gari likipinduka. Waya wa ethi nao hausahau, kwa kuwa cheche ndogo ya wakati wa kujaza mafuta inatosha kuharibu yote.

Zamani Safari Rally ilipita Tanganyika pia, na dereva Bert Shankland, aliyeishi hapa kwetu, aliishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Magari ya mbio zile yalipasuliwa na mawe ya aina ileile inayopasua matangi ya Malolo. Fundi wa kijijini hana fedha za mfuko wa mbio, lakini anaweza kulipandisha tangi kidogo na kuliwekea bamba la chuma chini. Kwangu mimi huyo na yule wa mbio ni wa ukoo mmoja: wote wawili hutengeneza kwa ajili ya ajali ambayo wanaomba isitokee.

Na kama una gari la mbio, au unataka kununua lililotumika, fungua buti usome tarehe. Mfuko wa kiwango cha FT3 cha FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hupewa miaka 5. Mtengenezaji akiukagua anaweza kuuongezea 2. Ikiisha hiyo, mfuko hutolewa, hata kama gari halijawahi kugonga kitu.