Umeme wa samadi: kabla hatujaupeleka Kilwa

Bila shaka umewahi kukutana na habari ya aina hii: ndoo ya mavi ya ng'ombe, waya mbili, taa inawaka, watu wanapiga makofi. Kichwa cha habari kinatangaza kwamba giza vijijini sasa basi. Sisi wanafunzi wa sayansi tunaipenda sana habari hii, na mara nyingi ndio tunaoisambaza. Leo hebu tuipime, na mahali pa kuipimia pawe Kilwa.

Kwa nini Kilwa? Kwa sababu pwani ya Lindi haikuwa nchi ya ng'ombe wengi. Mbung'o walikuwepo, na watu waliishi kwa samaki, nazi, korosho, mihogo na ufuta. Mwaka 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Usangu ili kuokoa Ihefu na maji ya Ruaha Mkuu, wengi wao walielekezwa Lindi na Kilwa pamoja na mifugo yao. Pamoja na ng'ombe ikaja migogoro: mifugo kwenye shamba la mtu, na kinyesi kwenye maji ambayo binadamu naye anachota. Kwa hiyo ukiuliza samadi ifanywe nini, huku huulizi swali la maabara tu.

Sayansi yenyewe ni ya kweli, tusiidharau. Bakteria anapokula chakula, anabakiwa na elektroni ambazo lazima azikabidhi mahali. Wewe na mimi tunazikabidhi kwa oksijeni tunayovuta. Ndani ya tope lisilo na hewa oksijeni hakuna, lakini wapo bakteria kama Geobacter wanaoweza kuzikabidhi kwa kitu kigumu kilicho nje ya mwili wao, kwa mfano kitambaa cha kaboni. Zamisha kitambaa hicho kwenye samadi, kiunganishe kwa waya na kipande kingine kinachogusa hewa, na elektroni zitapita kwenye waya. Huo ndio umeme. M. C. Potter alilionyesha jambo hili Uingereza mwaka 1911. Na uzuri wake mwingine ni kwamba wakati umeme unatoka, uchafu unaliwa, huku sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi ikibaki. Mbolea bado unayo.

Tanzania tumeshaijaribu. Mwaka 2008 kikundi cha Lebone, cha wanafunzi wa Harvard wakiwemo Waafrika, kilipeleka betri za namna hii Leguruki, mkoani Arusha. Vifaa vilikuwa vya kawaida: ndoo, samadi, kitambaa cha grafiti, waya wa shaba. Familia chache zilipata mwanga wa usiku. Kwa haki kabisa, wazo lile lilikuwa na akili kwa wakati wake. Paneli za sola zilikuwa ghali, na taa ya LED inahitaji umeme kidogo sana.

Tatizo ni kulirudia leo bila kupiga hesabu. Majaribio mengi ya samadi hutoa makumi hadi mamia machache ya miliwati kwa kila mita ya mraba ya elektrodi. Tuwe wakarimu, tuseme 200. Ndani ya ndoo tuweke kitambaa kidogo kuliko karatasi ya A4, yaani mita za mraba 0.05. Tunapata miliwati 10. Betri ya simu ya kawaida ina kama watisaa 15. Gawanya: saa 1,500. Simu yako itajaa baada ya miezi miwili, na hapo hujaiwasha.

Sasa chukua kilo 20 za samadi mbichi kila siku, changanya na maji kiasi hicho hicho, lisha mtambo wa biogesi. Utapikia kwa saa moja na nusu hivi, pengine mbili, kila siku. Samadi ni ile ile, na bakteria ni wa tope ile ile. Kwenye wilaya ambayo gesi ya Songo Songo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004, huku wanawake wengi wakiendelea kupikia kuni na mkaa, sioni aibu kusema kwamba jiko lina haki ya kutangulia mbele ya taa ya ndoo.

Lakini usifikiri biogesi inapona kwenye ukosoaji huu. Ng'ombe wa mfugaji wa Kilwa hafungwi bandani. Anazunguka mchana kutwa, na mavi yake mengi yanabaki porini. Unachokipata ni cha usiku, bomani, kimeshakanyagwa na kuanza kukauka. Na yale maji ya kuchanganyia, kiangazi kikikaza, nani anayachota? Kwa kawaida ni mama yule yule tuliyesema tunampunguzia kazi ya kuni.

Kuna mahali betri ya bakteria imekaa vizuri zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kimoja cha Bristol walifunga mtambo wa mkojo kwenye vyoo vya shule ya wasichana Kisoro, Uganda, ili kuwasha taa za choo usiku. Angalia walichokiona: mkojo unakusanyika wenyewe sehemu moja kila siku, na hitaji ni dogo, mwanga tu ili msichana asiogope kwenda chooni.

Tukiifuata akili hiyo Kilwa, tusianzie kwenye nyumba ya mfugaji. Tuanzie machinjioni, ambako damu, mavi na maji machafu hutoka mahali pamoja. Au kwenye tope linalotoka mtambo wa biogesi, ambalo bado lina uchafu wa kuliwa. Huko bakteria hawa wafanye kazi wanayoiweza, kusafisha maji, na umeme wao mdogo uendeshe kifaa cha kupima kama maji yamesafika. Na kwenye malambo, dawa ya kwanza haina elektrodi hata moja: mbauti ya kunyweshea ng'ombe, na uzio unaotenganisha maji yao na ya watu.

Najua hiyo haipigiwi makofi kama taa. Ila safari nyingine ukiona ndoo na waya, kabla hujabonyeza kusambaza, uliza: wati ngapi, kwa muda gani, samadi inakusanywa na nani, na je, kuna kitu rahisi zaidi kinachofanya kazi hiyo hiyo? Majibu yakikosekana, hapo umeoneshwa onyesho tu. Watu wa Kilwa, wafugaji na wakulima, wanastahili kupewa hesabu.